Ukurasa wa 212

Duka langu lipo mtaa wa Rengua, Moshi,
kati ya fundi saa na wakala wa pesa za simu.
Natoa kopi, nachapa, najalidi.
Fasihi sikuisoma. Nilichosoma ni karatasi:
uzito wake, unyevu wake,
upande unaoshika wino na upande unaoukataa.

Masika ya mwaka jana Aikaeli alikuja na riwaya ya Mmarekani,
kaazimwa na profesa kwa siku mbili,
kaikumbatia ndani ya koti kama kifaranga.
"Yote, mama. Jalada hadi jalada."
Nikailaza kifudifudi juu ya kioo,
mwanga ukapita, ukarudi, ukapita.
Nilipofika mia mbili na kumi na mbili
umeme ukakatika.

Nikapapasa kiberiti. Nikamfokea paka.
Umeme uliporudi, mashine ikatema karatasi nyeupe,
na mimi, mkono umeshazoea,
nikafunua ukurasa unaofuata.
Hilo tu. Ndiyo habari yote.

Leo kaja na tasnifu kwenye flashi:
nakala tatu, jalada gumu, herufi za dhahabu.
Mashine inachapa, mimi nasoma, nani atanizuia?
Sura ya Nne.
*Kimya kina mshindo mkuu:
utupu kama usimulizi katika riwaya ya usasaleo.*
Kurasa thelathini na moja!
Anasema mwandishi, aliyejipenyeza hadithini mwake
akijifanya muuza majokofu,
anaulizwa na Lorena, mwanamke aliyemuumba mwenyewe,
mwisho kabisa wa 211:
"Nikifunga mlango huu, utaniandika wapi?"
Halafu nyeupe.
Halafu 213 inaanza: *Basi akacheka.*

Aikaeli kaushukia ule weupe kwa miwani yake yote.
Weupe ni kifo cha msimulizi.
Weupe ni mlango wa jokofu.
Weupe ni Amerika yenyewe, inayowauzia baridi
watu wanaotetemeka.
Tanbihi ya 64: msomaji wa Moshi, aliyezoea mlima usioonekana,
anaujua utupu huu kuliko msomaji wa huko.
Hapo nikasimama kidogo.
Tangu Jumatatu Kibo hajatoka,
na asubuhi niliwaona wageni kwenye kipilefti cha mnara wa saa
wakilipiga picha wingu,
wakionyeshana kwa kidole: pale, pale.

Rasimu kaiacha kaunta. Pembeni mwake profesa
kaandika kwa wino mwekundu: *Hapa umeiva.*
Profesa, mwenye kitabu.
Nikajiuliza aliishia ukurasa wa ngapi.
Au naye alikifungua, akayaona maneno yamejaa tele,
akaogopa kuwa mtu pekee asiyeuona utupu?

Ningemwita. Yupo nje kwenye benchi na kikombe cha kahawa chungu,
viatu kavipiga rangi mapema, utetezi ni Alhamisi.
Ada ya mwisho ilikuwa ndama wa mama yake, Kibosho.
Ningemwambia: mwanangu, huo si utupu, hiyo ni Tanesko.
Lakini ukurasa ule hata mimi sikuusoma.
Huenda muuza majokofu alijibu, akaharibu.
Huenda aliorodhesha bei.
Na jina langu nimelitafuta kwenye shukrani:
Mungu yupo, profesa yupo, mama yupo, shangazi wa Himo yupo.
Mimi simo.
Mimi nimo sura nzima.

Nikajalidi. Gundi ikashika, dhahabu ikakaa sawa.
"Shilingi ngapi?"
"Elfu sitini. Toa mia."
"Mia ya nini?"
"Ukurasa mmoja."
Akaiangalia noti, akaniangalia mimi,
akaugeuza mgongo wa kitabu kwenye mwanga wa mlangoni
kama anayehesabu.
"Mia tu, mama?"

Basi akacheka.